Posho ya safari ya kijani ya Erasmus+: nyota tatu na nusu

Nisijifanye mwanaharakati wa mazingira: nilifuata hela. Kwa muhula wa masomo kutoka Hamburg kwenda Barcelona, Erasmus+, mpango wa Umoja wa Ulaya wa kugharimia masomo nje ya nchi, inampa mpanda ndege euro 309 za nauli. Anayekwenda kwa treni, basi au kwa kuchangia gari na wenzake anapata euro 417. Ndivyo vilivyokuwa viwango vya kilomita 500 hadi 1,999 kuanzia 2024. Kabla ya hapo mwanafunzi asiyepanda ndege aliongezewa euro 50 pekee, na kwa nauli za reli za Ulaya hiyo ilikuwa asante tu, si msaada. Siku za njiani nazo zina posho yake.

Sasa masharti. Umbali hupimwa kwa kikokotoo cha Umoja wa Ulaya, mstari ulionyooka kama ndege arukavyo, na huo ndio unaomhesabia mtu wa treni anayezungushwa Frankfurt na Paris. Tena kinachopimwa ni umbali wa kwenda tu, lakini hela ndiyo hiyo hiyo ya kwenda na kurudi. Wengi hushtukia hapo, tiketi zikiwa zimeshanunuliwa.

Paris ndiyo inayokutoa jasho. Treni ya Frankfurt inakushusha stesheni ya Gare de l'Est, ya Barcelona inaondokea stesheni nyingine, Gare de Lyon. Unaingia metro laini ya 5 hadi Bastille, unahamia laini ya 1, masanduku mkononi, ngazi juu, ngazi chini, na watu wa Paris hawana subira na mizigo ya mgeni. Nililala huko usiku huo, na kitanda nilikilipia mwenyewe.

Kesho yake nilisamehe karibu yote. Ukishapita Montpellier, TGV, treni ya mwendo kasi ya Ufaransa, inapunguza mwendo, na baada ya Narbonne reli inakatiza kati ya mabwawa ya maji ya chumvi. Heroe wamesimama kwenye maji ya kina kifupi, vichwa chini, wanakula, wala treni haiwashtui. Behewa zima lilihamia dirisha moja. Na umeme unaoivuta treni hiyo nchini Ufaransa hutoka kwa sehemu kubwa kwenye nyuklia, kwa hiyo ukijani wake si wa kwenye karatasi tu.

Nyota nilizokata ni za vyuo. Mpango wenyewe unaridhika na tamko lenye sahihi yako kwamba sehemu kubwa ya safari hukupanda ndege. Ofisi ya chuo nilikotoka ikadai kila tiketi, hata ya metro, kisha hela ikaingia muhula umeshaanza. Nauli ya treni hupanda kadiri siku zinavyosogea, sasa posho ya baadaye inamsaidia nani asiye na akiba? Chuo kilichonipokea nacho kiliweka ukaribisho Jumatatu asubuhi na mapema, kana kwamba wote tumetua jana jioni. Wangeuanza Jumanne, ningeamini kweli wanatambua safari hizi.

Kama hujafikisha miaka 28 na unaishi Ulaya kihalali, hata kwa pasipoti isiyo ya huko, piga hesabu ya pasi ya Interrail, tiketi moja ya treni za nchi nyingi za Ulaya, kabla ya kununua tiketi mojamoja. Ila nafasi ya kukaa kwenye TGV hulipiwa kando, na kwa wenye pasi huwahi kuisha.