TAHADHARI: Oili ya "sintetiki" inayopitishwa vijiweni Dar, msiweke kwenye boda

Wakuu wa vijiweni, na nyie mabosi mliowapa vijana pikipiki za mkataba, someni hii kabla hamjamwaga oili.

Kuna jamaa anazunguka na guta upande wa Mbagala na Gongo la Mboto. Kavaa fulana ya kampuni ya oili, maboksi mapya kabisa, lita ya "sintetiki ya Ulaya" anaiuza karibu nusu ya bei ya dukani. Ukiweka hii, anasema, hugusi tena mpaka kilomita 10,000. Kisha anakuja na mazingaombwe yake: anadondosha oili kwenye kifuniko, anawasha kiberiti, haishiki moto, eti hiyo ndiyo orijino. Uongo mtupu. Oili yoyote ya injini, hata ile chafu tunayowapa watu wakapake mbao zisiliwe na mchwa, haiwaki kwa njiti ya kiberiti. Mvuke wake unashika ikishapata joto la nyuzi 200 hivi na kuendelea.

Mimi ni fundi, na pikipiki zilizokunywa mzigo wake zinaletwa gereji kwangu zikiwa na ugonjwa wa aina mbili.

Kuna zinazolia bila kwenda. Boxer inapandisha kimlima, injini inapiga kelele, tairi halivuti. Ukifungua kava unakuta pleti za klachi zimeungua, zinang'aa. Hapo kopo lilikuwa na oili kweli, ila ya gari, ile 5W-30 nyepesi yenye dawa ya kupunguza msuguano. Gari la manyo halina shida nayo maana klachi yake ni kavu, iko nje ya injini. Klachi ya boda inaogelea ndani ya oili hiyohiyo ya injini na gia, sasa ukiilainisha itashika nini?

Aina ya pili ni mbaya zaidi. Oili chafu imechujwa, ikatiwa rangi, ikarudishwa kwenye makopo ya kuokota. Kopo moja nililolishika, pete ya mfuniko ilikuwa imeshakatwa ikagundishwa, lebo imebandikwa juu ya mabaki ya gundi ya lebo nyingine, na namba ya toleo ya kwenye boksi hailingani na ya kwenye kopo. Oili yenyewe ilitoka nyepesi kama maji. Kamshafti ya pikipiki hiyo, ule mhimili unaofungua valvu, ilikuwa imelika, unaona kwa macho.

Sisemi sintetiki ni mbaya. Ipo nzuri ya pikipiki, mwenye hela aweke. Hizo kilomita 10,000 ndizo zinazoua. Injini zetu hazina rejeta, zinapozwa na upepo, na kwenye foleni ya Buguruni saa nane mchana upepo uko wapi? Joto linabebwa na oili, nayo ni kama lita moja tu. Badilisha kwa kilomita za kitabu cha pikipiki, na ukishinda kwenye foleni na abiria wawili, wahi kabla ya hapo.

Kabla ya kulipa, geuza kopo utafute alama ya JASO, kiwango cha Kijapani cha oili za pikipiki, yenye herufi MA au MA2. MB ni ya skuta, iache. Uzito wa oili, zile namba kama 5W-30, nao ufuate kitabu, si maneno ya muuzaji. Na kopo likiisha litoboe, usimwachie mtu wa kuokota.

Uliyeshaweka, mwaga leo injini ikiwa na moto kidogo, weka ya pikipiki. Klachi ikiendelea kuteleza, pleti zimekwisha, usimlaumu fundi. Kopo usitupe: bidhaa bandia ni kazi ya Tume ya Ushindani (FCC), ubora ni Shirika la Viwango (TBS), na wote watataka kuona kopo na lebo yake. Namba ya simu anayogawa jamaa huyo wa guta haipatikani, kwa hiyo akifika kijiweni kwenu pigeni picha namba ya guta kwanza, maneno baadaye.