Chevrolet Nova ya 1968 hadi 1974 kama msingi wa gari la robo maili: tathmini baada ya misimu miwili

Nimekimbiza Chevrolet Nova ya 1972 kwa misimu miwili katika mbio za robo maili, zile za kuondoka ukiwa umesimama na kukimbia njia iliyonyooka, na hapa naitathmini kama malighafi ya kujengea gari la mbio kwa fedha kidogo, si kama pambo la gereji. Camaro na Chevelle za miaka hiyo zimekwishapandishwa bei na wakusanyaji, ilhali Nova ya milango miwili iliyotoka kiwandani na injini ya silinda sita, au V8 (ya silinda nane) ya inchi za ujazo 307, bado huachwa pembeni. Ukifungua boneti yake unakuta nafasi ya kutosha V8 ya 350 bila kukata kitu. Ukichungulia chini, fremu fupi ya mbele inayobeba injini na magurudumu ni ya ukoo mmoja na ile ya Camaro ya 1967 hadi 1969, kwa hiyo vipuri vyake havitafutwi kwa tochi.

Mnunuzi asitishwe na tarakimu za nguvu zilizoandikwa kwenye vitabu vya zamani. Kuanzia magari ya 1972, viwanda vya Marekani viliacha kutangaza nguvu ya injini iliyopimwa ikiwa uchi, bila ekzosi yake kamili wala mizigo mingine ya gari, vikaanza kutangaza ile inayobaki injini ikiwa na vifaa vyake vyote. Ni kweli kwamba mgandamizo ndani ya silinda ulikuwa umekwishapunguzwa mwaka mmoja kabla, lakini sehemu kubwa ya anguko lile ni ya karatasi tu. Kinachostahili kuogopwa ni kutu. Lala chini ya gari na bisibisi, ugonge mahali ambapo fremu ya mbele hufungwa kwenye bodi kwa boliti na mipira, kisha mahali ambapo ncha za mbele za springi za nyuma hushikwa. Bisibisi ikizama, usibishane bei; nenda zako.

Udhaifu mkubwa wa gari hili uko kwenye springi hizo za nyuma. Ni vyuma bapa vilivyolazwa kwa urefu wa gari, na baadhi ya Nova zilitoka na chuma kimoja tu kila upande. Injini inaposukuma magurudumu kwenda mbele, ekseli nayo hutaka kujizungusha kinyume, na kwa kuwa hakuna kingine kinachoizuia, springi hujikunja kama herufi S, hufyatuka, hujikunja tena. Msimu wa kwanza sikuelewa kwa nini gari langu lilitetemeka kila lilipoondoka, nikaisingizia giaboksi. Rafiki alipiga magoti kando ya mstari akalirekodi gurudumu la nyuma kwa simu. Tulipoitazama picha polepole tukaliona gurudumu likidunda mara nne kabla ya gari kusogea hata urefu wake. Dawa yake ni jozi ya vyuma vinavyounganisha ekseli na ncha ya mbele ya springi, ili ile nguvu ya kujizungusha igeuzwe kuwa mgandamizo wa tairi juu ya njia. Ni kifaa cha kufunga kwa boliti, kazi ya Jumamosi moja.

Nilipokwisha kufunga vyuma hivyo, pamoja na matairi laini yasiyo na kashata na meno ya difu ya uwiano wa 3.73 (propela huzunguka mara 3.73 kwa kila mzunguko mmoja wa gurudumu), muda wangu wa futi 60 za mwanzo ulishuka kutoka sekunde 2.3 hadi 1.9, na robo maili nzima kutoka sekunde 15.2 hadi 14.4, injini ikiwa ileile iliyochoka na inayovuja mafuta. Hesabu hiyo haishangazi, kwa sababu sehemu moja ya kumi ya sekunde inayookolewa mwanzoni kwa kawaida huzaa sehemu moja na nusu hadi mbili za kumi mwishoni. Ndiyo maana naona ni kosa kununua kabureta kubwa na kamshafti kali (shafti inayofungua valvu) wakati gari bado linadunda.

Konveta ya giaboksi, yaani kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi ya otomatiki, ilinipa somo chungu zaidi. Muuzaji mmoja aliniuzia iliyotajwa kuwa hushika, yaani huanza kusukuma gari kwa nguvu, injini ikifika mizunguko 3,000 kwa dakika, nami nikaipata ikishika karibu na 2,200. Nilimlaumu, na bado namlaumu kidogo, lakini konveta ileile hushika juu zaidi ikiwa nyuma ya injini yenye msukumo mkubwa na chini ikiwa nyuma ya injini dhaifu. Mtu anapaswa kuiagiza kwa kutaja injini, uzito wa gari na uwiano wa difu, jambo ambalo sikulifanya. Giaboksi yenyewe, Turbo 350 ya gia tatu, haijanisumbua hata mara moja.

Kuhusu injini sina mengi. Block ya 350 ya gari la mizigo lililokufa, ikivikwa silinda hedi za Vortec, za malori ya Chevrolet ya 1996 hadi 2000, hupumua vizuri kuliko hedi nyingi za zamani, mradi ukumbuke kwamba zinataka manifoldi maalumu ya kuingizia hewa na kwamba springi za valvu za kiwandani hazivumilii kamshafti yenye mwinuko mkubwa. Kwa mpangilio huo nimefika sekunde 12.6. V8 ya lita 5.3 ya malori madogo ya tangu 1999 hutoa nguvu zaidi kwa fedha ileile, lakini nyaya, kompyuta na pampu ya petroli ya msukumo mkubwa hula akiba ambayo mtu alidhani ameipata.

Kwa sheria za NHRA, chama kinachosimamia mbio hizi Marekani, gari la sekunde 13.99 au chini linalotumia matairi laini lazima liwe na kitanzi cha chuma cha kuishika propela ikikatika, na likigusa sekunde 11.49 lazima lifungwe bomba la usalama ndani. Kitanzi ninacho. Bomba nimekwishalinunua, nalo limelala kwenye kiti cha nyuma likisubiri kuchomelewa. Mpaka siku hiyo sibadilishi tena kitu chochote kwenye injini.