Kukodi gari Chicago hadi Los Angeles: yule kaka wa kaunta

Naanza na hasira maana bado ninayo. Kampuni siitaji, ila ni moja ya zile kubwa ambazo mabango yake unayakuta karibu kila uwanja wa ndege. Tulitaka kuifuata Route 66, ile barabara kuu ya zamani ya Marekani, kutoka Chicago mpaka Santa Monica, pembeni ya Los Angeles, karibu kilomita 3,940. Watu wazima watatu: mimi, mume wangu na mama mkwe, ambaye alisema akifika Marekani hataki kukaa sebuleni kwa mtu akitazama runinga. Gari tulishaweka oda mtandaoni tukiwa Dar. Kilichobaki, tulivyodhani, ni kupewa ufunguo.

Kaunta tulimkuta kijana anatafuna bigijii. Kadi yetu ni ya benki ya kawaida, hela imo ndani, na benki tulishawaarifu kwamba tunasafiri. Akaitazama mbele, akaitazama nyuma, akaturudishia kwa kuisukuma na ncha ya kalamu, kama anasogeza mende. Anataka kadi ya mkopo, tena yenye jina la dereva. Shemeji yangu anayeishi Illinois, jimbo la hiyo Chicago, aliyekuja kutusindikiza, akatoa ya kwake. "Wewe ndiye dereva?" Hapana. "Basi." Akamwita mtu aliyekuwa nyuma yetu!

Jamani, mimi nimezoea foleni za ofisi zetu, lakini hata ofisi zetu mtu anakwambia "kaa pale mama, nakuja." Huyu alituondoa kwa macho. Mama mkwe amekalia sanduku na khanga yake, kila baada ya muda anauliza, "Bado tu?" Nilipoanza kupandisha sauti shemeji akanivuta mkono: "Shem, tulia, huku ukipiga kelele wanaita walinzi."

Mwishowe mume wangu akatoa kadi ya mkopo ya biashara yake, ambayo hatukupanga kuigusa. Ikapita. Hapo kampuni ikazuia dipositi, yaani ile hela haikatwi, ila huwezi kuitumia mpaka urudishe gari, na baada ya hapo benki nayo ina mwendo wake wa kuiachia. Wanaopanga safari kama hii wapigie hesabu jambo hilo. Kwetu ilikuwa hela ya hoteli za wiki ya kwanza.

Ikaja bima. Ile tuliyoinunua kwa wakala wa mtandaoni akasema haimhusu. Sawa, na hapa nampa haki yake, maana bima za namna ile kwa kawaida wewe unailipa kwanza kampuni ya gari, halafu unamdai wakala. Lakini si ungetueleza kwa adabu? Akageuza skrini, akaanza kugonga kwa kalamu: hii, hii na hii, saini hapa. Yenye maana hasa ni mbili. Moja inafunika gari lenyewe, nyingine inafunika watu na mali utakayoiharibu. Ya pili usiidharau: sheria ya Illinois inadai bima ya dola 25,000 tu kwa kila mtu utakayemjeruhi, na kwa bei za hospitali za kule kiasi hicho kinaisha haraka. Ukiweka oda kwenye tovuti ya kampuni yenyewe na kutaja kwamba unaishi nje ya Marekani, mara nyingi unapewa bei yenye bima zote mbili ndani. Nani alituambia? Hakuna. Leseni ya kimataifa tuliyoihangaikia Dar hata hakuifungua.

Nikamuuliza swali la mwisho, mbele ya mashahidi watatu: njiani kuna barabara za kulipia? Bila kuinua macho: "Mnakokwenda hakuna." Mlikumbuke jibu hilo.

Safari yenyewe nzuri, sitaongopa. Mpaka St. Louis tulikuwa tumeshazoea kuendesha kulia. Kilichotusumbua ni sheli: mashine inakutaka uingize namba tano za posta za Marekani, nawe huna. Usibishane nayo. Ingia dukani, mwambie keshia namba ya pampu na kiasi, "namba saba, dola arobaini," ukishajaza kikibaki chenji anakurudishia.

Oklahoma ndipo nilipoanza kumkumbuka yule kaka. Ukitoka Missouri, barabara kuu ya I-44 inageuka kuwa Will Rogers Turnpike mpaka karibu na Tulsa, ukitoka Tulsa ni Turner Turnpike mpaka Oklahoma City. Zote za kulipia! Wala usitegemee kusimama kibandani kama pale Daraja la Kigamboni. Kamera inapiga picha namba ya gari, bili inakwenda kwa mwenye gari, na mwenye gari ni kampuni.

Halafu Amarillo, Texas, nikataka kufuta kila nilichosema. Taa ya upepo wa tairi iliwaka, tukaingia tawi lao la uwanja wa ndege nikiwa nimejiandaa kwa vita. Akatoka mama wa makamo, akachuchumaa pale pale juani, akapapasa tairi mpaka akakigusa kichwa cha msumari. Hakutuuliza nani kaukanyaga wapi. Akatupa gari lingine, kubwa kuliko la kwanza, bila senti ya ziada, na begi la mama mkwe akalibeba mwenyewe. Mama mkwe akamwombea dua hapo hapo, kwa sauti. Siku ile ungeniuliza ningekupa nyota tano.

Grand Canyon, lile bonde kubwa la Arizona ambalo ni hifadhi ya taifa, tulilipa, na sikununa. Tangu mwanzo wa 2026 mgeni wa kutoka nje ya Marekani asiye na pasi ya mwaka ya hifadhi analipa dola 100 kila mtu juu ya kiingilio cha kawaida, ambacho gari moja ni dola 35. Watatu mnafika 335. Pasi ya mwaka ya wageni ni 250 na inawaingiza wote mliomo garini, kwa hiyo chukueni pasi. Wazungu walilalamika sana getini. Mimi nikawa natabasamu tu, maana Serengeti tunawatoza hivyo hivyo miaka yote.

Tumerudi nyumbani, dipositi imeachiwa, nikasema yaishe. Mara kadi ya mume wangu ikakatwa tena. Toll za Oklahoma! Na toll zenyewe si kitu, ni hela ya chakula cha mchana; juu yake kuna "ada ya huduma" ya kampuni kwa kila siku, ambayo imeizidi toll yenyewe. Nimewaandikia kwamba mfanyakazi wenu alisema hakuna. Wamenijibu kwamba nilisaini.

Kwa hiyo nyota moja, na hiyo ni ya mama wa Amarillo. Akihamia kampuni nyingine naiondoa.