Uzoefu wangu na podikasti ya waandishi wa tamthilia ya Royal Court

Haya nayaandika kwa walimu wenzangu wa fasihi, kwa waigizaji, na kwa yeyote mwenye muswada wa tamthilia aliouficha kabatini. Kuna podikasti ya Kiingereza ambayo nimekuwa nikiisikiliza ndani ya daladala na jioni nikisahihisha madaftari: Royal Court Playwright's Podcast, ya jumba la maonyesho la Royal Court, Sloane Square, London. Haina malipo, unahitaji bando tu.

Tangu 1956, kampuni ya English Stage Company ilipoanza kazi pale, jumba hilo limejengewa jina na tamthilia mpya. Ukumbi wa chini una viti kama 380. Juu kuna ukumbi mdogo usioingiza hata watu 100, na humo chipukizi wengi wameona kazi zao zikisimama jukwaani kwa mara ya kwanza.

Anayeibeba podikasti ni mwendeshaji wake, Simon Stephens. Naye ni mwandishi wa tamthilia, na kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa sekondari Dagenham, mashariki mwa London. Mchezo wake Bluebird ulioneshwa Royal Court 1998, kisha akaja kuongoza mafunzo ya waandishi vijana hapo hapo. Ualimu huo unasikika. Kabla mgeni hajafungua mdomo, Stephens humsomea utangulizi mrefu alioutunga mwenyewe, kama mshenga aliyetumwa kumsifia mtu ukweni. Mwanzoni niliona unachelewesha mambo. Sasa siuruki, kwa sababu ndani yake unapata usomaji makini wa kazi zote za mgeni, na mgeni mwenyewe hulegea akijua kwamba amesomwa.

Halafu maswali. Sisi darasani tumezoea kuuliza dhamira, ujumbe, falsafa ya mwandishi, maana ndiyo yanayotoka kwenye mtihani. Stephens anauliza mambo ya kazi: mgeni aliingiaje kwenye ukumbi wa maonyesho mara ya kwanza, anaandikaje siku ya kawaida, rasimu inapita wapi kabla ya kufika mikononi mwa waigizaji. Ukisikiliza wageni kadhaa unaanza kuiona tamthilia kama kitu kinachotengenezwa na watu, kikavunjwa, kikatengenezwa tena.

Kipindi nilichokirudia zaidi ni cha Dennis Kelly. Huyu aliacha shule akiwa na miaka 16, akafanya kazi supamaketi, na alikuwa ameshavuka miaka 30 mchezo wake wa kwanza ulipooneshwa. Baadaye ndiye aliyeandika maneno ya mazungumzo katika mchezo wa nyimbo wa Matilda. Nina wanafunzi waliokwishaambiwa kwamba fasihi si yao kwa sababu ya alama zao. Niliwasimulia habari za Kelly, na wawili kati yao sasa wananiletea maonyesho waliyoyaandika kwa mkono, pamoja na maelekezo ya jukwaa.

Yumo pia Tanika Gupta, Mwingereza wa asili ya Kibengali, ambaye 2019 alimchukua Nora, mhusika mkuu wa tamthilia A Doll's House ya Mnorwe Henrik Ibsen, akamhamishia Calcutta, India, ya mwaka 1879, chini ya ukoloni wa Waingereza. Sisi tuna Mwalimu Nyerere aliyemfasiri Shakespeare akamwacha Kaizari Roma. Kumchukua mhusika wa Ulaya ukamtua Tabora au Kilwa, na kila kitu kikabadilika pamoja naye, ni kazi nyingine kabisa, na ningependa kuona vijana wetu wakiijaribu.

Kinachonikera ni kwamba mazungumzo yanamchukulia msikilizaji kama mtu wa London. Majina ya waongozaji na kumbi ndogo yanapita mbio bila maelezo, na asiyesikia Kiingereza vizuri ataachwa njiani. Mwendeshaji naye huwasifu wageni karibu wote kwa kiwango kile kile. Mara nyingine natamani abishane nao kidogo.

Na kila nikisikiliza, roho yangu inakwenda kwa Profesa Penina Muhando Mlama. Tamthilia yake Hatia ilitoka 1972, Nguzo Mama 1982, Lina Ubani 1984. Tumevifundisha vitabu hivyo miaka na miaka. Nataka kumsikia kwa sauti yake mwenyewe, kwa Kiswahili, saa nzima, akiulizwa aliandika wakati gani wa siku huku akifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mazoezi yalibadilisha nini kwenye muswada, waigizaji walimgomea wapi. Simu nzuri na chumba kisicho na kelele vinatosha kurekodi mazungumzo hayo. Aliye karibu na waandishi wetu wakongwe na aanze mwezi huu, asingoje mfadhili.

Kwa anayetaka kuonja ya Royal Court, pakua kipindi cha Kelly kwanza ukiwa kwenye Wi-Fi, punguza kasi kidogo kwenye programu yako, na uwe na daftari karibu.