Jioni Nzima na BBC Radio 3

Kwa mpenzi wa muziki wa klasiki, idhaa ya BBC Radio 3 ya Uingereza, ambayo chimbuko lake ni idhaa ya BBC iliyoitwa Third Programme, iliyoanza mwaka 1946, bado inaijua kazi yake. Matamasha ya Proms, yaani msimu wa muziki wa klasiki wa kila kiangazi, hurushwa moja kwa moja kutoka ukumbi wa Royal Albert Hall jijini London, na wanamuziki wanapopumzika huletwa mazungumzo ambayo, kwa maoni yangu, pengine huvutia kuliko simfonia yenyewe. Kinachonikosha zaidi ni kipindi cha Words and Music: waigizaji husoma mashairi, kisha fidla huingia pasipo mtangazaji kukatiza wala kumtaja mtunzi, hata ukalazimika kutega sikio. Spika ya simu, hata hivyo, humeza besi, afadhali hedifoni.