Risasi za mpira: marisau ya Chile na LBD ya Ufaransa

Mwaka 2019 polisi wa Chile waliwafyatulia waandamanaji bunduki za marisau: katriji moja, punje 12, kila punje kipenyo cha milimita 8. Wenzao wa Ufaransa, katika maandamano ya fulana za njano (vazi la waandamanaji walioipinga serikali), walitumia LBD 40, bunduki inayorusha tonge moja la mpira la milimita 40. Zote zimepewa jina la silaha zisizoua.

Kwa daktari anayechunguza majeraha, marisau husimulia mengi. Yakipigwa karibu, punje huingia kwa pamoja na kuchimba tundu moja lenye kingo zilizochanika. Kwa mbali hutawanyika, na upana wa mtawanyiko humsaidia kukadiria umbali, mradi afanye majaribio kwa bunduki na katriji za aina ileile. Punje hupenya ngozi, hupasua jicho. Chuo Kikuu cha Chile kilipozipima kilikuta mpira ni asilimia 20 tu. Zilizobaki ni silika (kijenzi cha mchanga), bari salfeti (chumvi nzito ya madini) na madini ya risasi. Mpira gani huo?

Tonge la LBD mara nyingi halitoboi. Huacha duara: katikati peupe, pembezoni damu imevilia. Ngozi nzima, kumbe chini yake taya limevunjika au wengu umepasuka. Anayetazama ngozi pekee atamruhusu mgonjwa aende nyumbani akivuja damu ndani kwa ndani.

Marisau ndiyo mabaya zaidi kwangu, kwani hayachagui: yanampata hata aliyesimama kando. Lakini LBD ina kioo cha kulengea, na kanuni za Ufaransa zinakataza kulenga kichwa. Jeraha la uso hapo linamdai mfyatuaji maelezo.