Tahadhari: gripu mpya, mpini umevunjika ndani

Wadau wa kriketi, kama mnatafuta bati lililotumika mtandaoni (bati la kuchezea, si la kuezekea), someni hapa kabla hamjatuma hela. Kuna muuzaji anavisha gripu mpya (ile soksi ya mpira ya kushikia) juu ya mpini uliovunjika, na mimi nimeshaingia mkenge.

Tangazo lenyewe lilivutia. Picha sita, zote za ubao, yaani sehemu pana ya kupigia mpira: mistari ya mti imenyooka, kingo safi, hakuna ufa. Mpini ulionekana kwenye picha moja tu, umevikwa gripu nyeusi inayong'aa. Maelezo yakasema limekarabatiwa na gripu ni mpya kabisa. Halafu mwishoni akaongeza kwamba ukishaitoa gripu au kuichezea, harudishi pesa wala hapokei bati. Nikadhani ni utaratibu wake wa biashara tu. Ningekuwa na akili za leo, ningeishia kwenye sentensi hiyo.

Siku mbili za mwanzo lilipiga vizuri, siwezi kusema uongo. Siku ya tatu mazoezini mpira ukagonga chini karibu na ncha, mikono yote miwili ikafa ganzi hadi viwikoni. Mlio nao ukabadilika, ule mkavu wa "ta!" ukawa "kwach", kama debe lenye ufa. Na katikati ya mpini nikahisi gripu inasogea chini ya kiganja, wakati chini kwenye mabega ya bati, pale ubao unapoanzia, imeganda kabisa. Nikajisemea, huyu alivisha vibaya. Nikanunua gripu nyingine na koni yake (kifaa cha kuivishia) ili nivishe mwenyewe.

Kwa ambao hawajawahi kufanya kazi hii: gripu ni kama soksi ya mpira. Haihitaji gundi hata tone. Inashika kwa sababu ni nyembamba kuliko mpini na imevutwa. Unaivisha kwenye koni, unaikunja mpaka inakuwa pete nene, unaweka koni juu ya mpini, unaisukuma pete ihamie, kisha unaiteremsha huku ukiikunjua hadi kwenye mabega ya bati. Wengine hupaka poda kidogo iteleze. Chini unazungusha tepu nyembamba ili isijikunje, basi. Kutoa ya zamani ni rahisi zaidi: unaikunja kutoka chini inatoka, au unaichana kwa wembe kwa urefu, taratibu, usije ukakata uzi uliofungwa ndani.

Ya kwangu iligoma kukunjika. Nikachukua wembe.

Kilichotangulia ni harufu ya gundi. Chini ya gripu nyeusi kulikuwa na kipande cha gripu kuukuu, upana wa vidole vinne, kimewekwa mahali pamoja tu, katikati. Chini yake tepu ya umeme, raundi nyingi nikaacha kuhesabu. Kubandua tepu, uzi hakuna. Mpini mzima hufungwa uzi mzunguko kwa mzunguko, umebanana, tangu juu hadi unapoingia kwenye ubao. Huu wa kwangu ulikuwa na uzi juu, uzi chini, na katikati uchi. Henzirani (fito zinazounda mpini) zimepasuka kwa mshazari, ufa umejazwa gundi ngumu ya rangi ya asali. Nikashika huku na huku, nikakunja kidogo tu, ufa ukafungua mdomo.

Sasa fikiria hilo linatokea siku ya mechi, mpira wa kasi unakuja. Ubao unang'oka na kuruka, na mlinda wiketi, yule anayedaka nyuma ya mpigaji, amesimama pale pale.

Nikamtumia picha. Jibu la kwanza: "Umelivunja wewe ukitoa gripu." Nikamuuliza, na tepu niliizungusha mimi chini ya gripu yako? Jibu la pili likawa la upole, nitume picha zaidi, watalifanyia kazi. La tatu halikuja. Kanifungia nisimpate tena.

Nieleweke hapa. Mpini kuvunjika si ajabu, na fundi anayejua kazi anaweza kuung'oa na kuingiza mwingine kwenye mkato wa umbo la V uliochongwa juu ya ubao, bati likaendelea kucheza miaka. Gripu mbili pia si kosa. Wachezaji wengi wanapenda mpini mnene na huvaa mbili juu kwa juu. Lakini gripu ya pili huvaa mpini wote. Kipande kifupi kilichofichwa mahali pamoja ni bandeji.

Kwa hiyo ukilishika bati la mtumba, anza na gripu kabla hujasifia ubao. Kunja ukingo wake wa chini, pale mpini unapokutana na mabega. Inatakiwa ijikunje kama soksi, na hapo hapo uuone uzi. Ikiwa imenata, uliza kwa nini. Pitisha kiganja polepole juu hadi chini huku umefumba macho (kweli, fumba, macho yanadanganywa na rangi) utafute kinundu au sehemu laini kuliko nyingine. Halafu simamisha ncha sakafuni, bonyeza mpini kidogo. Mpini mzuri una unyumbufu wake, kwa sababu kati ya vipande vya henzirani huwekwa mpira, kwa hiyo usiogope ukipinda kidogo kwa mkunjo mmoja mrefu. Ule uliovunjika unapinda mahali pamoja, kama goti, na mara nyingi unalia.

Unanunua kwa mbali? Omba video gripu ikikunjwa mpaka nusu ya mpini. Ni kazi ya dakika chache kuirudisha, na gripu yenyewe ni kitu cha bei ndogo kabisa kwenye bati zima. Anayekataa hilo, au anayekuandikia masharti kuhusu gripu, mwachie bati lake.

Gripu yangu mpya bado iko kwenye pakiti. Bati liko kwa fundi, kaniambia ubao unaokolewa ila mpini ni wa kutupa.

Jana nimeliona tangazo lake jingine. Bati tofauti, gripu nyekundu mpya, picha sita za ubao, na chini kabisa sentensi ileile.